Ukikataa kuku Kabras, umemkataa nani?

KATIKA maboma ya Kabras, kuanzia Samitsi hadi Malava na mbele kuelekea Butali, mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Watoto hutumwa kumkimbiza kuku uani, maji huinjikwa, na muda si muda harufu ya mchuzi huwa imemweleza mgeni yale ambayo mwenyeji wake hajayatamka: kwamba amefika kwa watu wake. Hata ugawaji wa vipande ni lugha yenye sarufi yake. Firigisi, ambayo wenyeji huiita imondo, ni haki ya mwenye boma; akiamua kumwachia mgeni, hiyo ni heshima isiyohitaji mkalimani.

Sasa mtoto wa boma hilo hilo anarejea likizoni kutoka Nairobi au Eldoret, ananawa mikono, sufuria inafunuliwa mbele yake, kisha anasema kwa upole kwamba siku hizi hali nyama. Wala mayai. Wala maziwa, hata chai angependa ya rangi. Kimya kinatanda, na baada ya kimya maswali yanamiminika. Ni dini gani hiyo? Ni ugonjwa gani unaotuficha? Ni huyo mke uliyemwoa? Au ndio umekuwa Mzungu?

Vijana wa namna hii si wengi mashambani, lakini wapo, na aliyewahi kuketi kwenye karamu iliyoharibika kwa sababu hiyo anajua kwamba ugomvi wenyewe si mdogo. Makala haya yanakusudia kueleza ni kwa nini shutuma za jamaa huwa kali kiasi hicho, ni zipi zilizo na msingi, na ni jibu gani linaloweza kutolewa bila ya mtu kuuacha msimamo wake wala kuwapoteza watu wake.

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Mlaji mboga wa kawaida huacha nyama na samaki lakini aghalabu hunywa maziwa, na wengine wao hula mayai. Vegani huenda mbali zaidi: haonji chochote kilichotoka kwa mnyama, iwe ni maziwa, samli, mayai au hata asali. Neno hilo lilibuniwa Uingereza mwaka wa 1944, pale Donald Watson na wenzake wachache walipounda chama chao wenyewe baada ya kutoelewana na walaji mboga wenzao kuhusu maziwa. Kiswahili hakijalipatia mwenzake anayekubalika na wote, kwa hivyo nitalitumia likiwa limevalishwa irabu ya mwisho. Sababu za kuishi hivyo ni nyingi: huruma kwa wanyama, hofu kuhusu mazingira, afya. Wazee hawana haja ya kuzisikia zote kwa siku moja.

Kukataa chakula, kwa hakika, si jambo geni magharibi mwa Kenya. Koo nyingi za Waluhya zina mnyama au ndege wao ambaye wanaukoo hawamli, na hakuna anayewaita wenye kiburi. Waadventista Wasabato, waliofungua kituo chao cha kwanza nchini huko Gendia, kando ya Ziwa Victoria, mwaka wa 1906, hawali nguruwe wala samaki asiye na magamba, na baadhi yao hawali nyama yoyote. Kutoka upande wa Mumias, ambako Uislamu ulitia mizizi tangu enzi za Nabongo Mumia, tumejifunza kumwita jirani Mwislamu aje achinje ili karamu isimtenge mtu. Naye mzee mwenye ugonjwa wa jongo akisema daktari amemkataza nyama nyekundu, husogezewa maharagwe na kupewa pole.

Ukitaka mfano wa mtu mashuhuri, yupo Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ambaye huko nyuma alifundisha Maseno. Mwanasayansi huyo alizaliwa na kulelewa magharibi mwa Kenya, na amesimulia kwamba utotoni mwili wake ulikataa protini za wanyama, nyama, samaki, mayai na maziwa, hivi kwamba madaktari walishauri asipewe. Akina mama wa nyumbani kwao hawakumwona mwasi. Walimpikia mboga za kienyeji. Alipofika chuo kikuu alikuta kwamba mimea hiyo iliyomlea ilitajwa darasani kama magugu tu, akaamua kuifanya kuwa utafiti wa maisha yake. Ikiwa leo mnavu na saga vinauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi, ambako zamani vilionekana kuwa chakula cha maskini, yeye ni miongoni mwa wanaostahili shukrani.

Tazama basi kinachounganisha mifano hiyo. Kila kukataa kuna mwenyewe: ukoo, kanisa, msikiti, daktari. Anayekataa ni mjumbe tu, na mjumbe hauawi. Vegani hana wa kumsingizia. Yeye husema "nimeamua", na katika nyumba ambamo chakula ni cha wote, uamuzi wa mtu mmoja kuhusu chakula husikika kama uamuzi wa kujitenga. Hapo ndipo penye kiini cha shutuma. Baba hamlilii kuku. Analia kwamba mwanawe amesimama nje ya mduara na haoni nani aliyemtoa.

Ndiyo maana wengi huona afadhali kuazima mwenyewe wa uongo na kudai kwamba daktari amewakataza. Kwa maoni yangu hiyo ni njia mbaya. Ugonjwa wa kubuni huzaa wasiwasi wa kweli. Mama ataanza kuulizia dawa, senje atauleta ujumbe wa maombi, na siku ukweli utakapodhihirika hakuna atakayeyaamini hata maneno yako ya haki.

Lakini lipo jambo zito zaidi, ambalo wanaomtetea kuku kwa jina la mila hulisahau na wanaomkataa hawalijui. Kwa vizazi na vizazi, miongoni mwa Waluhya, mwanamke hakumla kuku. Mayai pia alikatazwa. Ni yeye aliyemfuga, akamnyonyoa manyoya, akampika, akamwandaa mbele ya mume na wageni, kisha akarudi jikoni kula ugali kwa mboga. Sababu zilizotolewa zilitofautiana kutoka boma moja hadi jingine, lakini mwiko ulikuwa ni huo, na aliyeuvunja aliitia nyumba yake aibuni.

Mwiko huo haukuanguka wenyewe. Baada ya Wamarekani wa madhehebu ya Marafiki, maarufu kama Wakweka, kuweka kituo chao Kaimosi mwaka wa 1902 na baadaye kuenea kaskazini hadi Kabras, wanawake wa kwanza waliofuata mafundisho hayo walianza kumla kuku na mayai hadharani. Lilikuwa tendo la ukaidi wa makusudi, na jamaa zao walilipokea kwa ghadhabu. Wapo waliotukanwa na waume na mashemeji kwa ajili ya kipande cha paja. Haki ambayo leo msichana wa Malava anaiona kuwa ya kawaida kama maji ya kisima ilipiganiwa.

Kwa hivyo anayesema kwamba "Mluhya asiyekula kuku si Mluhya" anaifuta nusu ya Waluhya waliopata kuishi. Hilo ni jibu zuri la kumpa binamu mbishi. Hata hivyo, yafaa lisikimbiliwe kabla ya kusikilizwa upande wake wa pili. Mjukuu wa kike akimwambia nyanya yake, "Kukhu, mimi sili kuku", kukhu huenda asisikie habari za huruma kwa wanyama wala mazingira. Huenda akausikia ule mlango uliofungwa mbele ya mama yake ukifungwa tena, safari hii na mikono ya mtoto wa kwao aliyesomeshwa. Hasira yake si ya mila. Ni ya mtu anayeona ushindi wake ukirudishwa dukani. Mjukuu mwenye busara atamuuliza kwanza habari za siku hizo, amwache aseme mpaka amalize, ndipo naye aeleze kwamba yeye hakukatazwa na mtu. Tofauti kati ya kunyimwa na kuacha ni kubwa, na bibi kizee aliyenyimwa ataielewa upesi kuliko mjomba.

Tuje kwa shutuma ya pili, kwamba ulaji huu ni wa kigeni. Neno ni la kigeni, sawa. Chakula je? Ukiondoa siku za wageni, harusi, matanga na Krismasi, meza ya kawaida ya Kabras ni obusuma kwa mboga: kunde, mrenda, mitoo, mchicha, majani ya maboga. Ipo mushenye, ule mseto wa maharagwe na viazi vitamu uliopondwa mpaka ukalainika. Ipo simsim, zipo njugu, upo uyoga wa msimu wa mvua. Kuna munyu musherekha, chumvi ya majivu inayochujwa kwa maji, ambayo hulainisha mboga ngumu bila tone la mafuta. Vegani anaweza kuzaliwa, kukua na kuzeeka Kabras bila kununua chochote chenye maandishi ya Kizungu.

Isipokuwa ajihadhari na maziwa. Mnavu na saga ni mboga chungu, na mpishi hodari wa huku huzitia maziwa au krimu na kuzichemsha tena siku ya pili na ya tatu hadi uchungu unapotulia. Mboga bora zaidi mezani, basi, ndiyo asiyoweza kuila vegani, na kumwambia mpishi hivyo baada ya siku tatu za jasho ni sawa na kumwambia kwamba amepoteza wakati. Ni heri apewe habari mapema atenge fungu lake kabla ya maziwa. Karanga zilizosagwa huupunguza uchungu vizuri, na Pwani tui la nazi limefanya kazi hiyo tangu jadi. Swali la kumbikumbi, tsiswa kwa lugha ya wenyeji, ni kizungumkuti cha pekee. Kijana akieleza kwamba hao nao ni wanyama, atachekwa. Na acheke pia. Ugomvi mwingi umeponywa na kicheko mahali hapo.

Kwa wale wanaodhani kwamba chakula bila mnyama hakina heshima barani Afrika, nawaelekeza Ethiopia. Waumini wa Kanisa la Othodoksi la Tewahedo hawali nyama, mayai wala maziwa kila Jumatano na Ijumaa kwa sehemu kubwa ya mwaka, na tena kwa siku 55 za kwaresima yao. Mapishi yao ya dengu na mboga juu ya injera huliwa na matajiri na maskini, na katika mikahawa ya Kihabeshi jijini Nairobi watu huyaagiza kwa hiari na kuyalipia vyema.

Hata hivyo, kuna shutuma moja ambayo jamaa wana haki nayo, nayo ni ya afya. Yafaa vegani aijue barabara kabla ya kufika nyumbani.

Si habari ya nguvu za mwili kwa jumla. Mahindi na maharagwe yakiliwa pamoja hukamilishana protini zao, kama bibi zetu walivyojua bila ya maabara. Tatizo ni vitamini B12. Hii hutengenezwa na bakteria na humfikia binadamu kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Mboga za majani, hata zilizo bora kabisa, haziwezi kutegemewa kuileta. Mtu mzima huhitaji kiasi kidogo mno, takriban mikrogramu 2.4 kwa siku, na ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka. Hapo ndipo penye hatari: kijana atajisifu kwamba amekaa miaka miwili bila shida, kumbe anakula akiba. Inapokwisha huja uchovu, upungufu wa damu, ganzi mikononi na miguuni, usahaulifu, na madhara ya neva yakikawia kutibiwa huenda yasirudi nyuma. Dawa yake ni rahisi, yaani vidonge vya B12 au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, lakini lazima itumiwe.

Hapa pana jambo ambalo mkazi wa Kabras anapaswa kulitilia maanani. Tangu mwaka wa 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaopakiwa viwandani uongezwe virutubishi, B12 ikiwa miongoni mwao. Unga wa kusaga posho, ambao ndio unaoliwa na familia nyingi za mashambani, hauna nyongeza hiyo. Vegani aliyekuwa akila unga wa pakiti mjini akihamia nyumbani na kula mahindi ya shambani, huenda amepoteza hata kile kidogo alichokuwa akikipata. Vivyo hivyo, chumvi ya dukani hutiwa ayodini kwa mujibu wa sheria. Musherekha, pamoja na utamu wake, haina cha kulinganishwa nayo. Na chai, kinywaji cha kila saa huku kwetu, ikinywewa pamoja na mlo hupunguza madini ya chuma ambayo mwili huyapata katika mboga. Ni afadhali ingoje kidogo, na chungwa au pera lichukue nafasi yake.

Watoto na wajawazito ni suala jingine. Chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani kilisema mwaka wa 2016 kwamba mlo wa vegani uliopangwa vyema unafaa katika hatua zote za maisha. Chama cha lishe cha Ujerumani, mwaka huo huo, kilikataa kuupendekeza kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto. Wataalamu wakitofautiana hivyo, neno la kushika ni lile lililopangwa vyema. Mtoto mchanga anayenyonya kwa mama aliyeishiwa B12 anaweza kudhurika ubongo. Kukhu anayempa mjukuu yai kwa siri, basi, si adui. Anaogopa jambo ambalo lina ukweli ndani yake, na hatatulizwa na hotuba. Atatulizwa akiona kadi ya kliniki, uzani unaopanda mwezi baada ya mwezi, na chupa ya vitamini iliyoidhinishwa na muuguzi. Mzazi asiyeweza kuonyesha vitu hivyo hana haki ya kumkasirikia.

Sasa, jibu lenyewe litolewe lini na kwa nani? Wengi hukosea wakati. Husubiri mpaka kuku ameshachinjwa ndipo waseme, na hapo hakuna jibu lililo la adabu, kwa maana kuku harudishwi. Habari ipelekwe siku kadhaa kabla, kwa simu, na isipelekwe kwa baba moja kwa moja. Ipitie kwa mama au kwa senje, ambaye katika nyumba za Waluhya ana sauti kwa kaka yake ambayo mtoto hana. Baba akishaambiwa na dada yake, atakuwa na muda wa kununa faraghani, na mbele za wageni atajifanya kuwa alijua siku zote.

Mezani, ale. Hili ni la maana kuliko maelezo yoyote. Anayekataa kuku kisha akachokoachokoa mboga amethibitisha kwamba anadharau chakula cha nyumbani. Anayeomba obusuma mara ya pili na kumsifu aliyechuma mitoo amejibu nusu ya mashtaka akiwa kimya. Afadhali zaidi aingie jikoni. Mwanamume wa Kabras kuonekana akisonga ugali kutazusha mjadala mwingine kabisa, na pengine huo wa nyama utasahaulika.

Kuna hoja ambazo ni heri ziachwe kwenye begi. Ni kweli kwamba mwaka wa 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliorodhesha nyama za viwandani, kama soseji, miongoni mwa vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu miongoni mwa vinavyoshukiwa. Lakini kuku wa kienyeji aliyekuwa akidonoa uani asubuhi hayumo katika orodha hiyo, na kumhubiria saratani mzee wa miaka themanini mwenye meno yake yote ni kujitafutia kushindwa. Ikibidi kusema sababu, aseme moja, kwa maneno machache, na asiitumie kuwahukumu waliomlea kwa maziwa ya ng'ombe huyo huyo.

Ugumu wa kweli utabaki katika sherehe: ukweni, ambako mkwe hupimwa kwa anavyokula, na katika mazungumzo ya mahari, ambako ng'ombe ndiye neno kuu. Huko hakuna njia ya mkato. Mshenga aarifiwe, naye awaarifu wenyeji. Kuku achinjwe kwa ajili ya wazee walioandamana na bwana harusi, wao ndio wale kwa niaba yake, na firigisi imfikie anayestahili. Heshima itakuwa imetolewa na kupokelewa, ijapokuwa kinywa kilichotafuna si chake.

Tena upo mlango mwingine ambao mila yenyewe imeuacha wazi. Mgeni anayeondoka Kabras mara nyingi hupewa kuku mzima, amefungwa miguu, aende naye. Vegani anaweza kumpokea huyo kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akamwomba mama yake amlelee hapo nyumbani, jinsi watu wa kale walivyoweka ng'ombe wao kwa jamaa. Mayai yatakayotagwa ni shauri la mama.